Nyumba ya Mji Mkongwe: maswali ninayoulizwa kila masika yakikaribia

Ikifika mwezi wa pili simu yangu haitulii. Watu wanaangalia mbingu, wanaangalia dari, halafu wanapiga. Mimi si mtumishi wa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nimekulia Kiponda, humu humu Mji Mkongwe wa Unguja, nikabebeshwa karatasi za matengenezo ya nyumba yetu, kisha za jirani, kisha za jirani wa jirani, mwisho nikawa mtu wa kuulizwa. Nimechoka kujibu mambo yale yale kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, kwa hiyo nimeyaandika. Nikikutumia ukurasa huu badala ya kupokea simu, usinune.

Mamlaka hii ni nini hasa, na ilitoka wapi?

Jina lake kamili ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ilianzishwa mwaka 1985. Miaka mitatu kabla yake, 1982, nyumba zilikaguliwa, na nyingi zikakutwa katika hali mbaya. Walioishi mjini zama zile wanakumbuka: ilikuwa masika hayapiti bila kusikia mtaa fulani nyumba imelala.

Mwaka 1994 ikaja sheria ya uhifadhi pamoja na mpango mkuu ulioandaliwa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, mtaa kwa mtaa. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria ikafanyiwa upya 2010. Huo mfuatano una maana. Watu wengi wanadhani Mamlaka imeletwa na UNESCO, ilhali ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano UNESCO ilipofika.

Na tazama jina: uhifadhi *na uendelezaji*. Wakaazi wanasikia neno la kwanza tu, wawekezaji wanasikia la pili tu, na maofisa wamekaa katikati wanatukanwa na wote wawili.

Nyumba yangu imo ndani ya mipaka?

Ukiwa upande wa baharini wa barabara ya Creek, ile ambayo siku hizi inaitwa Benjamin Mkapa, basi umo. Shangani, Malindi, Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, Sokomuhogo, Vuga na mitaa mingine ya rasi ile, jumla hekta 96. Pembezoni kuna ukanda wa kinga, na huko nako ujenzi unaangaliwa, maana jengo refu la upande wa pili wa barabara linaweza kuziba sura ya mji mzima.

Hati ni yangu, nimerithi kwa babu. Kwa nini niombe ruhusa kutengeneza kitu changu?

Hili ndilo swali lenye hasira kuliko yote, na nalielewa. Lakini panda darini kwako uangalie. Nyumba ya Mji Mkongwe si nyumba ya shamba yenye ua pande nne. Imeegemea ya jirani, na ya jirani imeegemea ya mwenzake, hadi mwisho wa uchochoro. Mara nyingi ukuta ni mmoja: boriti zako zimeingia upande huu, zake upande ule. Ukivunja ukuta wa ndani ili upate sebule pana, hujui ni nani amelala kwenye mzigo ule. Nimeona nyumba iliyobomolewa ikabaki kiwanja, na katika masika mawili yaliyofuata nyumba ya kushoto ikaanza kuinama kuelekea pale palipokuwa na mwenzake.

Kwa hiyo kibali, kabla ya kuwa jambo la uzuri wa mji, ni jambo la jirani.

Wala usidhani huu ni udhia wa Unguja peke yetu. Charleston, kule Marekani, waliweka bodi ya namna hii mwaka 1931. New York walingoja hadi kituo chao kikubwa cha treni kilipoanza kubomolewa 1963, watu wakalia, ndipo 1965 wakaunda kamisheni ya kulinda majengo. Baadaye kampuni ya reli ikataka kujenga mnara juu ya kituo kingine, Grand Central, ikakatazwa, ikaenda mahakamani ikisema kama unavyosema wewe: kitu changu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1978 kampuni ikashindwa. Ndugu zetu wa Lamu nao, mji wao umo katika orodha ya dunia tangu 2001, na mwenye nyumba wa Mkomani anaulizwa maswali haya haya kabla ya kugusa ukuta.

Kazi gani zinahitaji kibali?

Kubomoa, kujenga, kuongeza, kutoboa dirisha au mlango, kubadili paa, kubadili sura ya mbele, kubadili matumizi ya nyumba. Majengo yamepangwa kwa madaraja, na jumba la daraja la juu huulizwa hata la ndani.

Kufagia paa, kuzibua mfereji, kupaka chumba chokaa, kufunga bawaba iliyong'oka: fanya, usimsubiri mtu. Na ukiwa na shaka, nenda kauliza kabla fundi hajaanza. Kuuliza mapema hakujamgharimu mtu zaidi ya nusu siku. Kusimamishwa kazi kuta zikiwa wazi na mvua iko njiani kumewagharimu watu nyumba.

Niende na nini dirishani kwa Mamlaka?

Karatasi za umiliki, au barua ya mwenye nyumba kama wewe ni mpangaji. Mchoro. Maelezo ya vifaa utakavyotumia. Na picha, hapa ndipo watu wanapojiangusha: wanapeleka picha moja ya mlango wa mbele. Piga kila chumba kinachoguswa, dari yake, sakafu ya chumba cha juu yake, na ukuta wa upande wa nje. Piga paa. Piga choo, usione haya.

Kisha andika mstari mmoja ambao wengi hawauandiki: maji yatapita wapi. Maji ya mvua kutoka paani, maji ya choo, maji ya jikoni, na yale yanayotona kutoka kwenye mashine za baridi. Nimekaa na maofisa na mafundi wa kutosha kujua kwamba nusu ya maswali yao, ukiyavua nguo, ni hilo moja. Ombi lililokwisha kujibu hilo halirudishwi rudishwi.

Kwa nini saruji inakatazwa? Nyumba zote duniani zinajengwa kwa saruji.

Zinajengwa kwa saruji tangu msingi, ndiyo. Yako haikujengwa hivyo.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Matumbawe asili yake ni baharini, yana vijishimo kama mkate wa mofa, na yana chumvi ndani yake. Ukuta huo unakunywa maji. Unayanywa chini kutoka ardhini, unayanywa juu kutoka mvuani, kisha jua likitoka unayatoa kupitia chokaa, taratibu. Umekuwa ukinywa na kutoa tangu enzi za Sultani Sayyid Barghash na kabla yake.

Sasa ukaja na saruji ukaupiga lipu, ukuta ukawa laini, umenyooka, unapendeza. Maji yanaingia kama kawaida, kwa sababu saruji hupata nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni, na kwa sababu ardhini hukuziba. Lakini kutoka hayawezi. Yanakaa. Chumvi inayeyuka, inasogea, inaganda nyuma ya lipu, inasukuma. Ule udongo wa ndani unarudi kuwa tope. Kwa nje unaona ukuta mzuri, na ndani umebeba uji.

Jaribu mwenyewe. Tafuta ukuta uliopigwa saruji miaka kumi iliyopita, ugonge kwa kifundo cha kidole kuanzia usawa wa goti kwenda juu. Mahali fulani mlio utabadilika, utasikia *ko, ko*, kama mtungi mtupu. Lipu hapo imeshaachana na ukuta, inasimama kwa ukaidi wake tu. Chini yake sakafuni utaona unga mweupe. Wengi wanafagia wakidhani ni vumbi la rangi. Weka kidogo ulimini.

Watu huniambia: "Sawa, lakini fundi anachanganya chokaa na saruji kidogo ili ishike upesi." Kidogo ya fundi naijua. Mfuko ukishafunguliwa hauachwi usiku.

Na hiyo chokaa inapatikana wapi, na kwa nini inachelewesha kazi?

Chokaa ya kweli ni jiwe la matumbawe lililochomwa. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, minazi hasa, yakawashwa moto mkubwa. Yakishapoa humwagiwa maji, nayo huchemka na kupasuka hadi yakawa unga. Hapo si tayari bado. Huachwa shimoni na maji yake ikomae, na mafundi wa zamani hawakuigusa kabla ya miezi kupita. Ikikomaa inakuwa laini kama samli baridi.

Ukutani nayo haitaki haraka. Inapigwa tabaka jembamba, inaachwa, inanyunyiziwa maji isikauke kwa pupa, linapigwa jingine. Saruji inakaushwa na siku moja. Chokaa inaendelea kukaza kwa miezi kwa kuvuta hewa. Mwenye nyumba aliyepanga kumaliza kabla ya mwezi wa Ramadhani akaanza Shaabani hatafurahi. Agiza chokaa kwanza, kabla ya kumtafuta hata fundi.

Na fundi umchague kwa kuona kazi yake iliyopata masika matatu. Ya mwezi uliopita isikudanganye, ikiwa mpya kila lipu ni nzuri.

Nyumba yetu ina familia nne, kila moja inataka choo chake. Kuna ubaya?

Kuna hatari, na hapa nitakaa kidogo, maana nyumba nyingi zinazoanguka sasa zinaangukia hapa.

Nyumba hizi zilijengwa kwa familia moja pana, yenye choo kimoja au viwili, vimewekwa pembeni, chini au kwenye kona iliyojengewa maji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, majumba yakachukuliwa na serikali na kugawiwa, na palipokaa familia moja pakakaa tano. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Watu walihitaji pa kulala. Lakini kila familia ikataka jiko lake na karo lake, na mabomba yakapita palipokuwa na njia.

Sasa angalia sakafu yako imejengwaje. Kuna boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Mkoko haupatikani mrefu sana, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita tatu hivi, katika jumba la tajiri na la maskini sawasawa. Juu ya boriti kuna mawe bapa, juu yake kokoto na chokaa iliyopigwa kwa magongo hadi ikashikana. Uzito wote wa chumba unaishia kwenye vichwa vya boriti, vile vipande vilivyofichwa ndani ya ukuta. Huvioni.

Maji ya choo cha ghorofa ya pili hayadondoki katikati ya dari ukayaona. Yanafuata sakafu hadi ukutani, yanashuka, yanakaa pale pale penye kichwa cha boriti. Mkoko mkavu ni mgumu unakataa msumari. Ukikaa na unyevu hugeuka. Siku moja huko Mkunazini tulibandua lipu kidogo juu ya boriti iliyoonekana nzima kabisa, imepakwa rangi nyeupe, haina hata ufa. Fundi akaingiza bisibisi kwa mkono mmoja, bila nyundo, ikazama hadi kwenye mpini. Akaichomoa, ikatoka na unyevu mweusi. Bibi mwenye chumba akauliza, "Mbona juu ya kichwa changu palikuwa pazuri?" Alikuwa amelala chini ya boriti ile miaka kumi na moja.

Choo cha ziada si haramu. Kiombee kibali, kiwekwe juu ya kingine, vyoo vifuatane chini juu, bomba lipite nje mahali panapofikika na mkono. Bomba lililozikwa ukutani limezikwa pamoja na nyumba.

Paa letu la asili lilikuwa bapa. Turudishe bapa au tuweke mabati?

Paa bapa la chokaa linataka kutunzwa kila mwaka, na ndiyo maana watu walianza zamani kuyafunika kwa mabati. Bati lililopigwa rangi inayoruhusiwa na lenye mfereji mzima si dhambi. Dhambi ni mfereji mbovu. Bati linakusanya mvua yote ya paa na kuimwaga mahali pamoja. Mfereji ukiwa umetoboka, umelielekeza gharika lile kwenye mita moja ya ukuta, mvua kwa mvua. Nikiingia mtaani baada ya mvua sihitaji kuambiwa nyumba ipi inaumwa: inaonesha mstari wa kijani kutoka paani hadi barazani.

Naweza kuongeza ghorofa moja tu ya kulia chai jioni?

Kila mtu anaongeza moja tu. Msingi wako ulihesabiwa kwa kuta zilizopo, na chokaa nyembamba ya chini haikuombwa kubeba zege. Jibu la kawaida ni hapana, na katika mambo ya Mamlaka hili ndilo nisilolipinga hata nikiwa na hasira nayo.

Mashine za baridi, dishi, tangi la maji?

Visionekane mbele. Tangi lisikae katikati ya chumba: lita elfu moja ni tani nzima juu ya boriti zako, likae juu ya ukuta. Na bomba la mashine ya baridi liufikie mfereji. Lile tone dogo linalodondoka mchana kutwa kwenye ukuta wa jirani halina likizo kama mvua.

Sisi ni wapangaji wa nyumba ya serikali, au ya wakfu. Nani atengeneze?

Mwenye nyumba. Kwa nyumba za wakfu ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa maneno, jibu limekwisha.

Kwa vitendo, kodi za nyumba hizi kwa miaka mingi zimekuwa ndogo, haziwezi kununua hata boriti za chumba kimoja, kwa hiyo mwenye nyumba anasema hana, mpangaji anasema si yake, na mvua haisomi mkataba. Ushauri wangu: andika. Barua yenye tarehe, picha, nakala moja kwa mwenye nyumba, moja kwa Mamlaka, moja kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Ofisi hupanga nyumba za hatari kwa kile kilichomo kwenye mafaili, na malalamiko ya barazani hayaingii kwenye faili.

Warithi tuko kumi na wanane, wengine Muscat, wengine Dubai, mmoja Toronto. Hatukubaliani.

Hili si tatizo la Mamlaka lakini linaua nyumba nyingi kuliko saruji. Mirathi isiyogawanywa vizazi viwili hufikia mtu kuwa na hissa ya mlango wa jikoni. Mwenye kuishi ndani hawezi kukarabati kwa pesa zake nyumba ambayo si yake yote, na wa mbali hatumi pesa kwa nyumba asiyolala.

Familia mbili ninazozijua zilitoka hapo kwa njia moja: waliacha kugombania kuuza au kutouza, wakakubaliana jambo dogo tu, paa. Kila mmoja akachangia paa kwa hissa yake, ikaandikwa na kutiwa sahihi, na ikakubaliwa kwamba mchango haubadilishi haki ya mtu. Ugomvi wa kuuza unaendelea hadi leo, mmoja wao unaendelea chini ya paa zima. Mpeni mtu mmoja uwakala wa maandishi wa kushughulikia kibali. Msipeleke ombi lenye wasemaji watatu.

Tumepata mtu anataka kuigeuza hoteli. Kuna vikwazo?

Kubadili matumizi kunahitaji kibali, na hoteli maana yake choo kila chumba, kwa hiyo rudi ukasome swali la vyoo mara kumi na mbili. Mwekezaji mzuri huijua hesabu hii. Mbaya hujaza zege.

Na ukubwa una mipaka yake. Mambo Msiige, lile jumba la pwani ya Shangani ambalo wazee walisema chokaa yake ilichanganywa na mayai yasiyo na idadi, limekuwa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015. Jengo jipya lililojengwa ubavuni mwake lilijadiliwa hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia, ikaletwa timu kuja kuangalia. Binafsi nasema jumba la zamani limepona na mtaa wake umepoteza upepo. Wengine watakwambia vingine.

Jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote: mtaa wa hoteli peke yake hauna mtu wa kupiga kelele usiku bomba likipasuka. Nyumba yenye bibi barazani inakaguliwa kila siku bure.

Kama Mamlaka inafanya kazi, ilikuwaje Beit al-Ajaib ikaanguka?

Swali la haki. Sayyid Barghash alilijenga jumba hilo 1883, na si nyumba ya boriti kama zetu. Lina vyumba vipana, nguzo za chuma, sakafu za zege zilizobebwa na mihimili ya chuma, maajabu ya wakati wake, ndiyo jina. Lilisimama tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ilipoisambaratisha kasri ya jirani yake. Lakini chuma kando ya bahari, ndani ya zege linalopitisha maji, huvimba kwa kutu na kupasua kile kilichokifunika. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Watu waliona, ripoti zikaandikwa, wafadhili wakatafutwa, na fedha za matengenezo zikapatikana kutoka Oman. Kazi ilikuwa imeshaanza tarehe 25 Disemba 2020 upande wa mbele ulipoporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki.

Kutoka 2012 hadi 2020 ni miaka minane. Mamlaka inaweza kutoa kibali, kuzuia, kushauri, kupiga kelele. Mfuko wa kutengeneza jumba la ukubwa ule haiumiliki. Lakini nikiwaambia hivi wazee wa barazani Jaws Corner wananijibu kwamba boriti haiulizi mfuko ni wa nani, nami sina la kuongeza.

Kwa upande wa pili uende ukaangalie Zahanati ya zamani pale Malindi, aliyoianzisha mfanyabiashara Tharia Topan 1887 na kukamilika 1894. Ilikuwa gofu. Ikatengenezwa miaka ya 1990, roshani zake za mbao zikarudishwa kipande kwa kipande, na vijana wa hapa wakajifunza kazi juu ya jengo lile. Baadhi ya mafundi wazuri tulionao walianzia kule.

UNESCO wanaweza kutufuta kwenye orodha?

Wanaweza. Wamefuta sehemu tatu hadi sasa, na ya kwanza iko kwa ndugu zetu: hifadhi ya choroa wa Oman, mwaka 2007. Kisha Dresden, Ujerumani, 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool, Uingereza, 2021 kwa sababu ya majengo mapya ya bandarini. UNESCO haitoi kibali wala haimkamati mtu. Inaandika barua, inaleta wakaguzi, na mwisho inaweza kuondoka na jina lake. Nyumba yako itabaki na mfereji wako.

Jirani anapiga nyundo usiku wa manane. Nifanye nini?

Anayefanya kazi kwa kibali hana sababu ya kufanya saa saba za usiku. Mwambie kwanza yeye, kwa salamu. Asiposikia, sheha, kisha Mamlaka, na picha ya ukuta wako ulivyo *leo*, ili kesho ikionekana nyufa isiwe neno lako na lake.

Naweza kuuza mlango wa zamani niweke wa kisasa?

Mlango ni sehemu ya nyumba, huwezi kuung'oa bila ruhusa. Wauzaji wa vitu vya kale watakupa bei ya kukutia tamaa na watakwambia wa kwako ni wa kawaida tu. Mlango wa kawaida haufuatwi hadi nyumbani.

Ukiwa umeoza chini, na huoza chini kwa sababu ya maji ya uchochoroni, fundi seremala anaweza kukata sehemu iliyokufa ya mwimo na kuunganisha kipande cha mti ule ule. Mfaa wa katikati wenye nakshi usiruhusu upakwe vanishi nene ya kung'aa. Mafuta membamba yatosha.

Sina pesa za matengenezo na masika yanaanza. Nifanye nini wiki hii?

Panda paani asubuhi kabla jua halijawa kali. Fagia majani, toa ule mpira wa watoto uliozama kwenye mfereji, kila paa lina mpira. Mche ulioota ukutani ung'oe ukiwa bado mwororo. Ukiwa umeshatia mizizi usiuvute, ukate na umwite fundi, maana utatoka na jiwe. Mwaga ndoo ya maji juu ya mfereji na umweke mtoto chini aseme yanatokea wapi.

Kisha subiri mvua ya kwanza ya kweli, chukua tochi, upite vyumba vyote ukiangalia pale dari inapokutana na ukuta. Usiangalie katikati. Weka alama ya penseli kuzunguka kila doa na uandike tarehe pembeni. Mvua ya pili pita tena. Doa lililovuka penseli ndilo la kunipigia simu.